Kuingia na Maji, Kutoka na Maji: Siku Moja ya Kuvua kwa Kayaki Katika Hori la Mapopwe

Nilipompigia simu ami yangu wa Chwaka, kijiji cha mashariki ya Unguja, kumwambia kwamba nimepata kayaki, na kwamba ningependa anichukue kuvua ndani ya mikoko Jumapili inayokuja, hakuniuliza chombo chenyewe ni cha namna gani wala kina urefu gani. Aliuliza Jumapili hiyo mwezi utakuwa wa siku ngapi. Sikujua. Alinyamaza kidogo, nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akasema kwamba Jumapili niliyoitaja itaangukia bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, kwamba ikifika saa 4 asubuhi hori lote litakuwa tope tupu, na kwamba kama nina haja ya kweli ya kuingia Mapopwe basi ningoje mwezi ufike siku ya 21. Safari ikasogezwa mbele kwa siku sita, hadi Jumamosi, na mimi nikaanza kujifunza kabla sijagusa maji.

Nieleze kwanza kwa nini nilitaka kwenda huko. Nimesoma habari nyingi za watu wa nchi nyengine wanaovua kwa kayaki katika maziwa na mito, juu ya maji baridi yaliyotulia kama kioo, na kwa muda mrefu nimetamani utulivu huo. Unguja haina ziwa la kufaa, na mito yetu, kama ule wa Mwera, ni mifupi, na mingi yake humezwa na mawe ya chokaa kabla ya kuiona bahari. Nilipokuwa mdogo uvuvi wetu wa maji baridi ulikuwa ni kufukuzana na visamaki katika mabonde ya mpunga baada ya masika, kwa ndoo na vitambaa, na uliishia hapo. Kwetu sisi maji yaliyotulia yapo ndani ya mikoko, katika mahori, yaani ile mikono myembamba ya bahari inayopenya msituni hata mawimbi ya nje yasisikike. Kati ya mahori ya Unguja, la Mapopwe, lililo kusini mwa Ghuba ya Chwaka, ndilo ambalo wazee wa upande wetu hulitaja kwa heshima zaidi.

Kayaki yangu ni ya plastiki, ya kukaliwa juu, yenye urefu wa mita tatu na nusu hivi na uzito wa kilo 25, na ina matundu ya kutolea maji chini ya miguu ya mwendeshaji. Niliinunua kwa rafiki aliyekuwa akihama kisiwani. Asili ya chombo hiki ni nchi za barafu za kaskazini kabisa mwa Amerika na Greenland, ambako wawindaji walikiunda kwa miti na mifupa na kukivika ngozi za sili. Mtumbwi wa ami ni gogo la mwembe lililochongwa, zito, pana kidogo katikati, na umri wake unazidi wa mwanawe wa kwanza. Vyombo hivi viwili vimezaliwa mbali sana kimoja na chenzake, lakini vilipolazwa pamoja mchangani niliona kwamba waliovibuni walikuwa na haja moja, nayo ni kumweka mtu mmoja karibu na maji kadiri inavyowezekana.

Kwa msomaji asiyekulia pwani, hesabu ya ami ni hii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na ushei, na kila kukicha saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na hapa Unguja kujaa kwa bamvua huwa kwenye saa 10, ya alfajiri na ya alasiri, na kupwa kwake huwa kwenye saa 4. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa nguvu, na saa zake huwa zimegeuka: yanajaa pale ambapo bamvua lilikuwa likipwa. Mvuvi wa hori hutafuta siku zilizo katikati, ambapo maji hupanda kabla ya jua, husimama kwenye saa 2 asubuhi, kisha hushuka pole pole hadi mchana, yakiwa na nguvu ya kumvusha mtu lakini si ya kumburura. Siku ya 21 ya mwezi ni moja ya siku hizo. Ami hajawahi kuwa na jedwali la maji nyumbani kwake. Mimi ninalo katika simu, na nilipolifungua nikakuta kwamba amekosea kwa dakika chache tu, tena sina hakika kama aliyekosea ni yeye.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, wakati wa tanga mbili, kusi limekwisha na kaskazi halijaanza, na bahari ya mashariki, ambayo kwa miezi mingi huwa na purukushani, ilikuwa imelala. Tulisali alfajiri, tukanywa chai ya tangawizi kwa muhogo wa kuchemsha, tukashuka dikoni. Mwezi ulikuwa karibu na utosi, nusu yake imekwisha kuliwa, na mwanga wake ulitosha kuonesha vyombo vilivyofungwa. Kabla sijaingia majini ami aliikagua kayaki kwa kiganja, kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, akatia kidole katika tundu moja la kutolea maji, akauliza, "Haya hayaingizi?" Nikamwambia kwamba yanaingiza kidogo na kutoa kidogo. Akasema, "Basi kaa katikati, mwanangu, wala usisimame hata kama umeona nini." Wiki ile ile nilikuwa nimekwenda kwa kamati ya wavuvi ya shehia kuomba ruhusa, kwani sehemu kubwa ya mikoko ile imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na sikutaka kuwa mgeni wa kutoka mjini anayeingia kwa watu bila ya hodi.

Tulielekea kusini, ami mbele na mimi nyuma, maji yakitusukuma. Kuna raha ambayo siwezi kuieleza vizuri katika kupiga kafi ukijua kwamba bahari yote inakwenda unakokwenda wewe. Ghuba ile ni ya maji mafupi, na mapambazuko yalipoingia niliweza kuona chini yangu nyasi za bahari zimelazwa upande mmoja na mkondo, na mahali pengine vigingi na kamba za mwani, shamba la akina mama, ambalo ami aliniagiza nilizunguke kwa mbali ingawa kayaki yangu ingepita juu yake bila ya kugusa kitu. Kilimo hiki kilianza kwa biashara katika pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na kwa nyumba nyingi za hapa mwani ndio uliolipia skuli za watoto, kwa hiyo niliona haki aagize hivyo. Tulipita pia maboya mawili ya dema, ile mitego ya samaki inayozamishwa. Hapo napo tulizunguka.

Kafi langu lina bapa pande zote mbili, na kila lilipoinuka lilidondosha maji, na kila liliposhuka lilipiga. Tulipokaribia kinywa cha hori ami aliacha kupiga kafi, akachukua pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, akaningoja. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kuanzia hapo samaki wanatusikia. Alinionesha namna ya kulitia kafi majini kwa ukingo badala ya kulitupa kwa ubapa, na kuliburuza karibu na ubavu wa chombo, na baada ya mapigo kama ishirini ya kujaribu nilianza kuusikia msitu kwa sababu nimeacha kujisikia mwenyewe. Maji yalikuwa yakiingia baina ya mizizi kwa mlio mdogo wa kufyonza, vikaa vyenye gando moja kubwa vilikuwa vikikimbilia mashimo yao kabla tope halijafunikwa, na mdiria mmoja alituvuka mara mbili akiwa chini sana.

Ndani ya hori mikoko yenyewe husimama mbele kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu ya mtu anayetaka kuketi. Nyuma yake, palipo na tope gumu zaidi, ndipo penye mikandaa, ambayo magamba yake watu wamekuwa wakiyatumia kwa kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mchu hujulikana kwa vijiti vinavyochomoza topeni kwa mamia, navyo ndivyo mti unavyovutia pumzi. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado mtini, zikaning'inia kama mishumaa ya kijani, na moja ilidondoka karibu na mkono wangu, ikazama kwa ncha, ikaibuka, ikaondoka na maji kuelekea ndani. Nilizima moyo wa haraka nilioondoka nao mjini kwa kuitazama tu mbegu ile hadi ilipopotea kwenye kona.

Nilikuwa nimechukua fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kuzungushia mshipi, nikiamini kwamba itanisaidia, lakini katika hori ambalo matawi ya pande mbili yanakaribia kukutana juu yako fimbo haina nafasi, na mara mbili ndoana ilinasa kwenye majani. Nikaiweka chini, nikachukua mshipi wa mkononi kama wa ami, uliozungushiwa kipande cha mti, wenye chubwi ya risasi na ndoana ndogo. Chambo chetu kilikuwa kamba wabichi kwa ajili ya chaa, na vipande vya ngisi kwa samaki wakubwa zaidi. Mshipi wa mkononi una faida moja ambayo fimbo haina: kidole chako kinagusa kila kinachotokea chini. Baada ya saa nzima niliweza kutambua chaa, ambaye hudonoa mara mbili na kungoja, na visamaki vidogo visivyoweza kuimeza ndoana, ambavyo hutetemesha mshipi bila ya kusita. Nilivuta chaa watano kabla maji hayajasimama, na changu wadogo watatu ambao niliwarudisha mmoja mmoja, nikiwashika kwa mkono uliolowa ili nisiwatoe ute wa ngozi.

Ami hakuniambia niwarudishe, lakini nilipofanya hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo alizungumza zaidi kuliko wakati wowote mwengine wa siku ile. Alisema kwamba samaki wa mwambani wanalelewa hapa, na kwamba anayekata mikoko au anayekokota nyavu zenye macho madogo mahorini anavua samaki wa miaka mitano ijayo kwa bei ya kitoweo cha leo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na yenye makazi yake hapa Unguja, wameichunguza ghuba hii kwa miaka mingi, na nao wanaeleza kwamba samaki wengi hupitisha utoto wao katika nyasi na mikoko kabla ya kuhamia matumbaweni. Lakini ami ameyaona hayo kwa kuwavua changu wa urefu wa kidole hapa na changu wa urefu wa mkono kule nje, maisha yake yote, na mimi naona maarifa ya namna hiyo yanastahili kuandikwa kabla wenyewe hawajaondoka.

Maji yalisimama kwa muda mfupi tu. Niliulizia saa, ami alinionesha mzizi. Palikuwa na mstari wa unyevu, upana wa kucha, juu ya uso wa maji. "Yameshageuka," akasema. Majani makavu yaliyokuwa yakija ndani yalikuwa yamesita, na jani moja baada ya jengine yalianza kurudi. Kwa mtu wa mjini hiyo ingekuwa ishara ya kufunga safari, lakini kwa mvuvi wa hori ndiyo saa njema kuliko zote, kwa sababu samaki walioingia kula baina ya mizizi wakati maji yanajaa sasa hulazimika kutoka kupitia vijito vidogo, na anayengoja kwenye kinywa cha kijito huwangoja mlangoni. Tukahamia kwenye kinywa kimoja, ami upande huu na mimi upande wa pili.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa kila anayetaka kuvua kwa kayaki alijue. Nilitia nanga, ile ndogo ya kukunja yenye kucha nne, na kwa kuwa kamba ilikuwa fupi niliifunga kwenye mshikio wa ubavuni, karibu na mkono wangu, badala ya kuifunga omo. Maji yalipozidi kasi yaliisukuma kayaki hadi ikakaa mshazari, kamba ikakaza, ubavu wa juu ya mkondo ukaanza kuvutwa chini, na maji yakapanda juu ya mapaja yangu. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Ami alipaza sauti, "Kata! Kata kamba!" nami nikaikata kwa kisu cha chambo, kayaki ikaruka na kujiweka sawa, na kijisanduku changu cha ndoana pamoja na nanga vikabaki chini ya hori. Nilikuwa nimevaa jaketi la kuokolea maisha na hori halikuwa na kina cha kutisha, lakini mtu anaweza kunasa baina ya mizizi akiwa katika maji ya kiunoni. Chombo chepesi kifungwe kwa ncha, ya mbele au ya nyuma, na kisu kiwe mahali ambapo mkono unakifikia bila ya kutafuta. Ami alinifunga kwenye tezi la mtumbwi wake kwa fundo la kufyatuka, hakunilaumu, akaendelea kuvua.

Samaki aitwaye kungu alikuja baada ya hapo. Nilikuwa nimetia kipande cha ngisi, na sikusikia kudonolewa. Mshipi uliondoka tu, ukanikata kidole, na kayaki, kwa wepesi wake, ikaanza kumfuata samaki kuelekea kwenye mizizi, jambo ambalo mtumbwi wa mwembe usingelifanya. Ami akasema nimvute sasa hivi kabla hajafika nyumbani kwake, nami nikamvuta kwa mikono miwili, nikiuegemeza mguu kwenye ukingo wa mtumbwi. Alikuwa mwekundu wa shaba, kiasi cha kilo moja na nusu, mwenye meno ya kuogopesha, na nilipomlaza mapajani nilisema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuipanga. Baada yake nilipata chaa wengine wanne, na hongwe mmoja, ambaye ami alimtoa mwenyewe kwenye ndoana akimkanyaga kwa kipande cha ubao, kwani miiba yake ya mgongoni na ya mbavuni ina sumu iumizayo vibaya. Aliyechomwa, aliniambia, atie mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahamili, na asione haya kwenda hospitali.

Kwenye saa 4 ami aliinua pondo. Nilitaka kubaki kidogo, kwa sababu chaa walikuwa bado wanadonoa, lakini alinionesha kingo za tope zilizokuwa zimeanza kung'aa kila upande, akasema kwamba kinywa cha hori kina sehemu ambayo ikikauka hatutoki hadi jioni. Tulitoka na maji kama tulivyoingia nayo. Mkondo ulitubeba kuelekea kaskazini, jua likiwa kali na nyasi za bahari zimelazwa sasa upande ule mwengine, na tulipofika usawa wa kijiji ilitubidi tushuke na kuvikokota vyombo katika maji ya magotini. Hapo kayaki ya kilo 25 ilijionesha faida yake, nami niliifikisha mchangani mapema, nikarudi kumsaidia ami kusukuma mwembe wake.

Samaki tuliwatia katika mitungo miwili. Mmoja ulikwenda kwa jirani ambaye hatoki siku hizi kwa maradhi ya miguu, na mwengine ulikwenda kwa mke wa ami, ambaye aliwapara chaa akawatia ndimu, chumvi na pilipili na kuwakaanga, na kungu akampasua, akamchoma na kumpaka tui zito lililotiwa ukwaju. Nilikula nikiwa na kidole kilichofungwa kitambaa.

Nilipokuwa nikiifunga kayaki juu ya gari niliuliza lini tutarudi. Ami aliangalia bahari, ambayo ilikuwa imeondoka hadi mbali na kuacha mchanga umepambwa mistari, akahesabu tena kwa vidole, akasema, "Mwezi ukiandama, hesabu siku sita, uje na nanga nyengine." Nimeitafuta tarehe hiyo katika jedwali la simu. Maji yatajaa karibu na saa 2 asubuhi.